Nilivyolipeleka Jua Mkwajuni

Basi, mmeniuliza sana. Tangu nirudi Mtwara sijapita barazani kwa mtu nisishikwe mkono: "Zaituni, ehe, huko Msumbiji ilikuwaje?" Nimesimulia vipande vipande mpaka sauti imekauka, na kila ninayemsimulia ananiambia mwenzake kasimuliwa vizuri zaidi. Kwa hiyo nimekaa kitako niandike yote, msome wote, mniache nipumue. Habari za pasi na mihuri nazipita, hazina utamu.

Kazi yangu mnaijua, nachora majengo. Na ugonjwa wangu mnaujua: mwanga. Nikiingia sebuleni kwa mtu siangalii makochi, naangalia jua linaingilia wapi. Naamini nyumba inaweza kukunyamazisha bila mtu kukwambia nyamaza, na kinachofanya hivyo si marumaru wala dhahabu. Ni mwanga ukishushwa mahali pake.

Mama mkubwa Somoe, dada yake mama, anaishi Mkwajuni, kijiji cha ufukweni kupita Kionga, ng'ambo ya Rovuma. Watu wa huko walihama wakati wa vurugu, wakarudi, na sasa walikuwa wanaujenga upya msikiti wao. Mama mkubwa ana mtoto wa jicho. Uso wa mtu hauoni tena, anaona mwanga na kiza basi. Alinipigia simu akasema, "Nichoree msikiti ambao nikiingia nitajua nimeingia, bila kuambiwa na mtu."

Nikachora. Ukumbi wa kiza cha makusudi, madirisha madogo yaliyowekwa juu kwa ajili ya upepo tu, kuta za chokaa, dari ya zege, na kwenye dari tundu moja la duara. Ijumaa, hutuba inapoanza, jua la mchana lipite katika tundu lile na kushuka sakafuni mbele ya mihrabu. Hapo tu. Pazia la wanawake niliagiza liwe fupi na jepesi, ili mama mkubwa auone mng'ao kwa mbali.

Kamati ya msikiti haikupenda. Walisema nawajengea handaki. Mama mkubwa akasimama mbele ya wanaume wote akanitetea, na ninyi mnajua mwanamke kusimama mbele ya kamati ni jambo gani. Mwisho mwenyekiti wao, Mzee Bakari, akanipigia mwenyewe: "Tunakupa Ijumaa moja, ya ufunguzi. Tukiona kitu, tundu linabaki. Tusipoona, tunaziba, na tunabomoa kuta tuweke madirisha makubwa." Kwa hiyo nikishindwa, atakayeinamisha uso kijijini si mimi, ni mama mkubwa.

Kilichobaki kilikuwa kioo cha kufunika tundu. Kioo kinene cha duara, upana wa sinia la pilau. Nilikikatisha hapa Mtwara, nikakifunga kwa blanketi na kanga, nikakipakata kama mtoto.

Mtwara mpaka mtoni

Nilipata nafasi kwenye pikapu iliyobeba vitunguu. Nilikaa mbele na mama mmoja anaitwa Mwanahawa, mfanyabiashara, anapeleka chupa za chai na kanga Nhica do Rovuma, ambako ndiko aliko mume wake. Ana mdomo huyo! Hatujatoka mjini nilikuwa nishajua habari za wakwe zake wote na za mke mwenzake wa huko.

Njiani tairi likapasuka. Dereva akashuka, akatoa jeki, akaiweka, ikazama mchangani. Akaiweka tena, ikazama tena. Akasimama akashika kiuno, akatafuta kitu kigumu na bapa cha kuweka chini ya jeki. Macho yake yakatua mapajani kwangu.

"Dada, hicho kibao chako kigumu?"

Nilipiga kelele ambayo nadhani iliwafikia ninyi huku. Nilimwambia akikisogelea nitamweka yeye chini ya jeki. Maskini, alirudi nyuma akainua mikono juu. Mwanahawa alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akafungua mzigo wake, akatoa ubao wake wa kukatia mboga, akampa. Gari likainuka. Ubao ukapasuka katikati. Mwanahawa akaviangalia vipande viwili vile akasema, "Sasa kila mke mwenza na wake."

Katikati ya Rovuma

Maji ya mto yalikuwa yamepungua. Boti ya injini ilituchukua vizuri, na katikati ikapanda juu ya fungu la mchanga ikatulia. Nahodha akazima injini, akawasha sigara. "Mpaka maji ya bahari yapande," akasema. Akajilaza.

Nilikuwa naungua moyo. Ilikuwa Jumatano, Ijumaa ndiyo hiyo, na mimi nimekaa katikati ya mto nasikiliza viboko wanakoroma upande wa pili wa matete. Mwanahawa hakuwa na haraka yoyote. Alitoa muhogo wa kuchoma na dagaa wa kukaanga wenye pilipili, akatandika kanga, akawakaribisha abiria wote kama yuko kwake. Njaa ilinishinda nikala kuliko wote.

Simu yangu ikadaka mtandao wa Msumbiji, na saa ikarudi nyuma. Nilimwonyesha.

"Hapa ukivuka unarudishiwa saa nzima ya maisha yako, dada," alisema. "Kwa mama yako mkubwa wanafuata saa ya wapi?"

"Ya ukutani kwake ni ya Mtwara, tangu zamani. Ndugu zake wote tuko Mtwara."

"Kama mimi. Mimi nafuata ya kwetu, mume wangu anafuata ya serikali. Ndiyo maana hatugombani, hatukutani mezani!"

Nilicheka mpaka boti ikatikisika. Laiti ningeacha kucheka nikafikiri, lakini muhogo ulikuwa mtamu, na maji ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kutuinua.

Namoto, na mimi bi harusi

Namoto afisa wa mpakani aliniita mezani kwake. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Hii ni nini, mana, dada yangu? Mesa?"

"Siyo meza, chefe. Kioo cha dari. Cha msikiti."

"Claraboia?" Hakuamini. "Fungua."

Nikafungua. Akakichukua kwa mikono miwili, akakipeleka mlangoni akikague. Jua likakipiga. Ghafla duara la mwanga likaruka kwenye dari ya ofisi ile ya mabati na vumbi, likatetemeka pale juu, na watu wote waliokuwa kwenye foleni, wenye magunia na kuku, wakainua nyuso. Afisa alikigeuza kidogo, duara likatembea ukutani, likapita juu ya picha na kalenda, likarudi.

"Epá," akasema taratibu.

Nilitaka kumkumbatia. Maana hicho ndicho ninachokieleza kila siku na watu wananiona nimechanganyikiwa! Alinirudishia kioo kwa adabu zaidi kuliko alivyokichukua. "Pita. Lakini ukirudi uje uniambie kama imefanya kazi."

Barabara ya kwenda Kionga siku ile ilikuwa imefungwa, magari yanasubiri kuondoka pamoja kesho yake kwa usalama. Mwanahawa, kabla hajaelekea Nhica, alinikabidhi kwa shoga yake wa Namoto. Na hapo ndipo mambo yalipochanganyika, kwa sababu Mwanahawa aliondoka bila kueleza kioo ni cha nini, na shoga yake alipopapasa blanketi akakuta kitu cha duara kimefungwa kwa kanga mpya, aliamua mwenyewe: kioo cha bi harusi.

"Unaolewa Kionga!" akapiga kigelegele. Majirani wakaja. Nikasema siolewi. Wakasema bi harusi wote husema hivyo. Nikasema nimeshaolewa nikaachwa, na umri wangu ndio huu mnaouona. Wakasema basi ndiyo maana una haraka. Walinikalisha kwenye mkeka, mmoja akasugua mti wa msiro kwenye jiwe na maji mpaka ukawa uji mweupe, wakanipaka uso mzima. Halafu wakanilisha wali wa nazi na matapa, majani ya muhogo yaliyopondwa na karanga, ndani yake wamevunja kaa. Jamani, kwa matapa yale ningekubali kuolewa na yeyote.

Kionga mpaka Mkwajuni

Magari yaliondoka Alhamisi kwa kuchelewa, yakasimama, yakaondoka, yakasimama. Nilifika Kionga alasiri, uso bado mweupe kwa kuwa maji ya kunawa sikuyapata. Pale stendi alikuwa ananisubiri Mestre Agostinho, fundi mkuu wa msikiti, na toroli lake lenye godoro dogo ndani.

Mestre ni Mmakonde wa Mueda, Mkatoliki, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alinitazama uso, akatazama kioo, akakohoa. "Arquiteta, hongera."

"Siolewi, Mestre. Twende."

Alikilaza kioo kwenye godoro, tukaanza kukisukuma mchangani kati ya minazi. Kila shimo mimi naomba dua, yeye anapiga ishara ya msalaba. Akaniambia wazee wanamsumbua kila asubuhi: Mestre, dirisha liko wapi? Mestre, umesahau dirisha? "Nawaambia, mimi nimejenga kama desenho, mchoro wako, unavyosema. Lakini kusema kweli, mana, mimi mwenyewe sijaona. Tundu tulifunika na bati tangu zege lilipokauka, kwa ajili ya popo. Na mimi nataka kuona."

Mama mkubwa alikuwa mlangoni kwake. Nikampa shikamoo, akanivuta, akanipapasa uso kama kawaida yake, vidole vikasimama.

"Msiro? Zai, umeolewa huniambii?"

Nikacheka, nikalia kidogo, nikampeleka msikitini akiwa ameshika kiwiko changu. Ndani palikuwa na baridi nzuri na kiza kizito. Alisimama akageuza kichwa huku na huku.

"Sioni kitu," akasema.

"Kesho, mama mkubwa."

"Haya. Kesho." Lakini mkono wake ulikuwa umebana kiwiko changu kuliko mwanzo.

Mestre na mimi tulipanda darini tukakipachika kioo kwa saruji na kukifunika turubai ili ikauke. Jua lilikuwa limeshashuka chini mno kujaribu chochote. Wavuvi wa kisiwa cha Rongui walikuwa wameleta pweza kwa ajili ya sherehe, wakawa wanampigapiga kwenye mawe ufukweni alainike, na Mzee Bakari akapita chini yetu, mikono nyuma, akaangalia juu. "Zaituni," akasema, "kesho tutaona." Hakusema kwa ubaya. Ila nyundo ya kubomolea kuta niliiona, imeegeshwa ukutani tayari.

Ijumaa

Mestre alitoa turubai asubuhi. Mimi nilioga, nikavaa, nikaingia mapema na mama mkubwa upande wa wanawake, ambao uko mkono wa kulia ukielekea kibla, yaani upande wa mashariki, maana huku kibla ni kaskazini. Pazia lilikuwa kama nilivyoagiza, linafika begani kwa mtu aliyesimama. Wanawake walikuwa wamewasha chetezo, kwa kuwa huku huwezi kufungua jengo bila ubani, na moshi ulikuwa umejaa. Wanakanyagana gizani, wanalalamika: "Huyu msanifu kwao hawana madirisha?" Mama mkubwa akajifanya hasikii.

Nikachungulia juu ya pazia. Na pale, jamani, pale! Duara jeupe limelala sakafuni mbele ya mihrabu, kingo zake kali kama limekatwa kwa mkasi, chokaa ya ukuta mzima inang'aa kwa ajili yake. Mahali penyewe hasa. Nilitaka kupiga kigelegele.

Halafu nikaona kwamba hapakuwa na mtu. Ukumbi mtupu. Wanaume wote walikuwa nje, wanatawadha, wanapiga soga, wanasalimiana na wageni wa Palma.

Nikatazama saa ya ukutani ya msikiti: saa tano na nusu. Ikaniingia yote kwa mkupuo. Wakati nachora nilimuuliza mama mkubwa kwa simu, hutuba inaanza saa ngapi? Akasema saa sita na nusu. Mimi, kwa vile nyumba yake ni ya saa ya Mtwara, nikapiga hesabu ya jua kwa saa ya Mtwara. Lakini msikiti unafuata saa ya serikali, kama shule, kama posto, ofisi ya utawala. Saa sita na nusu ya pale, Mtwara ni saa saba na nusu. Nilikuwa nimelileta jua mapema kwa saa nzima, na jua halisubiri kamati.

Nilikaa chini. Mama mkubwa akahisi.

"Vipi?"

Nikamweleza sikioni, huku nalia. Nikamwambia wakiingia watakuta mwanga umeshaondoka mihrabuni, wataona nilichora upuuzi, na kesho nyundo.

"Linakwenda wapi sasa?"

Nikafikiri. Jua linashuka magharibi, mwanga unasogea mashariki. "Linakuja huku," nikasema.

"Basi liache lije."

Wanaume wakaingia, wakajaza safu. Duara lilikuwa limeshafika pembeni kwenye zulia, linapita magotini kwa watu wa mwisho wa safu, na Mzee Bakari alilitazama kama mtu anayetazama chai iliyomwagika. Sikuwa na pa kuficha uso. Imamu akapanda mimbari, adhana ikatoka, hutuba ikaanza, na katika hutuba hakuna kusema, hata kunong'ona.

Duara likafika kwenye pazia. Likaanza kulipanda, polepole, na kitambaa kile chepesi kikawaka chote. Wanawake wakaacha kupepea. Likafika ukingo wa juu, likakaa hapo kitambo, kisha likamwagikia kwetu.

Na moshi wa ubani ukalipokea. Sijui niwaelezeje. Upande wa wanaume, hewa safi, waliona duara tu sakafuni. Kwetu ilisimama nguzo. Nguzo ya mwanga kutoka darini mpaka mkekani, imeinama kidogo, moshi unazunguka ndani yake taratibu, na ungeapa ukiigusa utaikuta ngumu. Nimejifunza mwanga maisha yangu yote na hili sikulichora. Mtoto mmoja aliyekuwa analia alinyamaza.

Mama mkubwa hakuambiwa na mtu. Uso wake uligeuka wenyewe. Akainua mkono akauingiza ndani, akautazama, akaufungua na kuufunga, akaufungua tena. Vidole vyake aliviona. Alinishika kwa mkono wa pili, akanibana mpaka ikauma, na machozi yakamshuka bila sauti, maana hutuba haizungumzwi.

Imamu yuko juu ya mimbari, anaona kote. Alikata neno katikati. Safu za wanaume zikageuza vichwa, mmoja mmoja, wakaiona nguzo imesimama nyuma ya pazia. Msikiti mzima ukawa kimya. Nikasikia bahari. Kisha imamu akasema, kwa sauti ya chini, "Subhanallah," na akaendelea.

Baadaye

Swala ilipokwisha Mzee Bakari alikuja kwenye pazia, nikamweleza kosa langu la saa, akakohoa.

"Zaituni, tumeona. Kweli tumeona. Ila tundu limekosea njia. Mahali pake ni mbele, kwetu. Mestre atalisogeza."

Sikuwahi kujibu. Wanawake wale wale waliouliza kama kwetu hatuna madirisha waliinuka kwa pamoja, na mama mkubwa akawanyamazisha kwa mkono.

"Mzee Bakari, ulisema mkiona kitu, linabaki."

"Ndiyo, lakini..."

"Mmeona, hamkuona?"

"Tumeona, Bi Somoe. Basi tuanze hutuba mapema, kwa saa ya Mtwara..."

"Ninyi mna mihrabu," akasema mama mkubwa. "Mna mimbari. Mna mazulia mapya. Sisi tuna hili."

Mzee Bakari alisimama pale, akavua kofia, akaivaa tena. Nje Mestre Agostinho, ambaye alikuwa akichungulia dirishani kutoka juu ya ngazi tangu mwanzo, alishuka, akaichukua ile nyundo ukutani, akaitia kwenye toroli. Halafu tukala pweza wa nazi mpaka nikashindwa kuinuka.

Nilivyorudi, Namoto afisa yule alinikumbuka kabla sijafika mezani. "Então, claraboia?"

"Nilikosea, chefe. Mwanga ulianguka upande mwingine."

Uso wake ukaanguka. "Utarudi kurekebisha?"

"Wamenikatalia!" nikasema, na nikacheka peke yangu mpaka ng'ambo.

Mama mkubwa hunipigia kila Ijumaa baada ya swala. Juzi aliniambia duara limeanza kusogea kuelekea kibla. Nikaanza kumweleza habari za jua na misimu, kwamba litaendelea kusogea mpaka mwisho wa mwaka, na kwamba pengine ningeweza kuchora kitu cha...

"Zai," akanikatiza, "mimi sikuulizi, nakwambia tu. Limesogea, na mimi nimesogeza mkeka."